Uzee wa Seli na Mwitikio wa Kinga ya Mwili dhidi ya Saratani

Uzee wa seli ni hali ambayo seli huacha kugawanyika kabisa ilhali bado i hai. Haifi, wala haipumziki. Seli iliyopumzika, kama zilivyo nyingi za ini la mtu mzima, inaweza kuamshwa wakati wowote: sehemu ya ini ikikatwa, seli zilizobaki huanza kugawanyika hadi kiungo kirudie karibu ukubwa wake wa awali. Seli iliyozeeka haiitikii wito huo. Hupewa vichocheo vya ukuaji na isigawanyike. Hata hivyo huendelea kula, hutanuka, hubadilika umbo, na huunda protini nyingi na kuzimwaga nje. Zaidi ya hayo, huwa sugu kwa zile ishara za kujiua ambazo zingeimaliza seli ya kawaida.

Mambo yanayoifikisha seli hapo ni mengi: kufupika kwa ncha za kromosomu, kuvunjika kwa DNA kutokana na mionzi au sumu, kuwashwa kwa jeni chochezi ya saratani, hata dawa za saratani zenyewe. Yote huishia kwenye njia mbili. Njia ya kwanza huongozwa na protini ya p53, ambayo huiamsha p21. Ya pili huongozwa na p16, ambayo huiacha protini ya Rb iendelee na kazi yake ya kuzuia mgawanyiko. Seli nyingi zilizozeeka huzitumia zote mbili.

Kwa sababu hiyo uzee wa seli umehesabiwa kwa muda mrefu kuwa ngao dhidi ya saratani, kwa kuwa seli yenye kasoro isiyoweza kugawanyika haiwezi kuzaa uvimbe. Hoja ya mada hii ni kwamba ulinzi huo ni nusu tu. Nusu ya pili ni kazi ya kinga ya mwili: kuitafuta seli hiyo na kuiondoa. Nusu hii ya pili isipotimia, seli iliyosimamishwa ili kuzuia saratani huweza kugeuka kuwa msaidizi wa saratani hiyohiyo.

Kikomo cha mgawanyiko

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wanabiolojia wengi waliamini kwamba seli zikitunzwa vizuri nje ya mwili zitagawanyika milele. Imani hiyo ilijengwa na Alexis Carrel, daktari mpasuaji Mfaransa aliyefanya kazi New York. Mwaka 1912 alianza kukuza seli za moyo wa kuku katika vyombo vya maabara, na ukuzaji huo ukaendelea kwa miaka 34, hata baada ya kifo chake. Hakuna maabara nyingine iliyoweza kupata matokeo kama yake. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba rojo la kiinitete cha kuku lililotumika kuzilisha seli hizo lilikuwa likiingiza seli changa kila mara.

Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, wa Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, walionesha kinyume chake. Faibroblasti, yaani seli za tishu unganishi, zilizotoka kwa vijusi vya binadamu ziligawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha zikasimama zikiwa hai. Pingamizi la wazi lilikuwa kwamba huenda chakula cha seli ndicho kibaya, au kuna kirusi kilichojificha. Jibu lao lilikuwa jaribio rahisi na la werevu. Walichanganya katika chupa moja seli za kiume zilizokwisha gawanyika mara nyingi na seli za kike zilizogawanyika mara chache. Muda ulipopita, zilibaki za kike peke yake. Chupa ilikuwa moja na chakula kimoja. Kilichotofautiana ni hesabu ya migawanyiko ambayo kila kundi lilikuwa limepitia.

Seli za saratani hazitii kikomo hicho. Seli za HeLa, zilizochukuliwa mwaka 1951 kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks huko Baltimore, zinagawanyika maabarani hadi leo. Tofauti hiyo ilianza kueleweka pale ilipotazamwa ncha ya kromosomu, yaani telomea. Mrusi Alexey Olovnikov alipendekeza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba ncha hizo hufupika kila seli inapogawanyika. Baadaye Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walieleza jinsi telomea zinavyoilinda kromosomu, pamoja na kimeng'enya cha telomerasi kinachozirefusha. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Telomea ikifupika mno, seli huisoma kama DNA iliyovunjika, p53 huamka, na mgawanyiko husimama. Saratani nyingi, kati ya asilimia 85 na 90, hukwepa kikwazo hicho kwa kuiwasha upya telomerasi.

Kuzeeka kabla ya wakati

Kufupika kwa telomea huchukua miaka. Kwa saratani, muhimu zaidi ni uzee unaokuja ghafla. Mwaka 1997, Manuel Serrano, Scott Lowe na wenzao katika maabara ya Cold Spring Harbor, Marekani, waliingiza jeni ya Ras iliyobadilika katika seli za kawaida. Ras hiyo ni miongoni mwa jeni chochezi zinazoonekana sana katika saratani za binadamu, hivyo lililotarajiwa ni seli kukua ovyo. Seli hizo zilisimama. Zilijaa p53 na p16, zikawa na sura ya seli zilizogawanyika hadi kikomo, ingawa telomea zake zilikuwa bado ndefu.

Wapo waliodhani hilo ni jambo la vyombo vya maabara tu. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha kwa pamoja tafiti kadhaa zilizoondoa shaka hiyo, na ule wa madoa meusi ya ngozi ndio unaoshawishi kuliko yote, kwa kuwa ushahidi wake karibu kila mtu anao mwilini. Madoa hayo ni vikundi vya seli za rangi ya ngozi. Mengi yana badiliko lilelile la jeni ya BRAF linalopatikana katika melanoma, saratani hatari ya ngozi. Hata hivyo doa hukua kidogo, husimama, na hubaki vilevile kwa miongo kadhaa. Seli zake zina p16 kwa wingi na dalili nyingine za uzee. Katika tafiti za wakati huo huo, dalili kama hizo zilikutwa kwenye vivimbe vya awali vya tezi dume na vya mapafu vya panya, lakini zilipungua au kutoweka uvimbe ulipogeuka kuwa saratani kamili.

Kuzitambua seli hizi kunahitaji uangalifu. Kipimo kinachotumika zaidi kilielezwa mwaka 1995 na kundi la Judith Campisi: kimeng'enya cha beta-galaktosidasi, ambacho katika seli zilizozeeka hufanya kazi hata kwenye pH ya 6 na kuipaka seli rangi ya buluu. Kipimo hicho hakitoshi peke yake, maana baadhi ya makrofaji, ambazo ni seli za kinga, nazo huonesha rangi hiyo. Utafiti makini huchanganya vipimo vitatu au vinne: kimeng'enya hicho, p16 au p21, kukosekana kwa mgawanyiko, na aina ya protini zinazomwagwa nje.

Majimaji ya seli iliyozeeka

Hizo protini zinazomwagwa ndizo zilizobadilisha mjadala mzima. Mwaka 2008 kundi la Campisi lilieleza kwa kina mchanganyiko unaotolewa na seli zilizozeeka: saitokini kama IL-6 na IL-8, kemokini zinazoita seli za kinga, vichocheo vya ukuaji, na vimeng'enya vinavyomega nyuzi zinazoshikilia tishu. Mwaka huohuo makundi mengine mawili yalionesha kwamba baadhi ya saitokini hizo huirudia seli yenyewe na kuuimarisha uzee wake.

Chanzo cha utoaji huo kilidhihirika zaidi mwaka 2017. Katika seli iliyozeeka utando wa kiini hulegea, na vipande vya DNA huvuja hadi nje ya kiini, mahali ambapo kwa kawaida DNA haipo. Huko huonwa na protini iitwayo cGAS, ambayo huiamsha nyingine iitwayo STING. Njia hii seli huitumia pia kutambua kwamba imevamiwa na kirusi. Kwa hiyo seli iliyozeeka huitangazia kinga ya mwili hatari ileile ambayo ingetangazwa na seli yenye maambukizi.

Mchanganyiko huu una faida zake. Jeraha la ngozi hupona vizuri zaidi seli chache zilizozeeka zikiwepo kwa muda mfupi, na baadhi ya tishu za kijusi huundika kwa kupitia hali inayofanana na uzee huu. Neno la kushika hapo ni muda mfupi. Tangu mwaka 2001 ilijulikana kwamba faibroblasti zilizozeeka zikipandikizwa kwa panya pamoja na seli zilizo njiani kuelekea saratani, seli hizo huzaa uvimbe. Zikiwekwa na faibroblasti changa, haziuzai kwa kiwango hicho. Vichocheo vya ukuaji na vimeng'enya vya kumega tishu havichagui nani wa kumsaidia.

Ushahidi kutoka kwenye ini

Ini ndilo kiungo ambacho uhusiano wa uzee wa seli na kinga umechunguzwa kwa undani kuliko vingine. Mwaka 2007 kundi la Lowe lilitengeneza panya wenye saratani ya ini ambao p53 yao iliweza kuzimwa na kuwashwa kwa dawa. Ilipozimwa, uvimbe ulikua. Ilipowashwa, hata kwa siku chache, uvimbe ulipungua hadi kutoweka. Seli hizohizo zilipojaribiwa nje ya mwili hazikufa; zilisimama tu. Basi ni nani aliyezimaliza ndani ya panya? Zilikuwa seli za kinga ya asili: nyutrofili, makrofaji na seli wauaji asilia zinazofupishwa NK. Watafiti walipozizuia seli hizo, uvimbe ulichelewa kunywea.

Miaka minne baadaye kundi la Lars Zender nchini Ujerumani liligeukia hatua ya mapema zaidi, kabla saratani haijazaliwa. Liliingiza Ras iliyobadilika katika seli za ini za panya wazima. Seli zilizeeka, na kwa muda wa wiki chache zikatoweka bila kuacha uvimbe. Kwa panya waliopungukiwa kinga, seli hizo zilibaki, na miezi ilipopita baadhi yao wakapata saratani ya ini. Uchunguzi uliofuata ulionesha mpangilio wa kazi: seli T aina ya CD4 hutambua kipande cha ile Ras yenye kasoro, lakini haziui zenyewe, zinahitaji monosaiti na makrofaji kutekeleza uondoaji. Utafiti huohuo uligusa binadamu pia. Katika maini ya wagonjwa wa homa ya ini aina ya C ambao kinga yao ilikuwa imedhoofika, seli zenye p16 na p21 zilikuwa zimerundikana zaidi. Mtu yeyote anayeshughulika na wagonjwa wenye VVU, ambavyo shabaha yake kuu ni CD4, ataona mara moja uzito wa jambo hilo.

Seli za NK zina njia yake. Seli iliyozeeka huweka juu ya utando wake protini kama MICA, ambazo hushikwa na kipokezi cha NK kiitwacho NKG2D. NK hutoboa utando huo kwa protini ya pafolini na kuingiza vimeng'enya vya kuua. Watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, waliripoti mwaka 2018 kwamba panya wasio na pafolini hulimbikiza seli zilizozeeka nyingi zaidi kadiri umri unavyosonga.

Ini lina jambo jingine linaloihusu Afrika moja kwa moja, nalo ni sumukuvu ya aina ya B1, inayotokana na ukungu wa Aspergillus kwenye mahindi na karanga. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likichunguza wagonjwa wa Qidong nchini China na jingine wagonjwa wa kusini mwa Afrika, yalikuta saratani nyingi za ini zina kasoro mahali pamoja: kodoni ya 249 ya jeni ya p53. Sumu hiyo inapogeuzwa na vimeng'enya vya ini hujibandika kwenye DNA na kuacha alama hapo. Mlipuko wa mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, ulioua watu 125, ulikuwa wa kula sumu nyingi kwa muda mfupi. Kula kidogo kwa miaka mingi hakuui ghafla, lakini huiharibu protini ambayo ingeisimamisha seli yenye kasoro. Kukiwa na maambukizi sugu ya homa ya ini aina ya B, ambayo huilazimisha tishu kujijenga upya kila mara, hatari ya saratani huongezeka maradufu na zaidi. Ini la namna hiyo hupoteza nusu ya kwanza ya ulinzi hata kabla kinga haijaitwa.

Pale uondoaji unaposhindwa

Kinga huweza kushindwa kwa sababu ya umri. Tezi ya thaimasi, inayozalisha seli T changa, hunywea tangu ujana. Seli za kinga zenyewe huzeeka. Mwili wa mzee huzalisha seli zilizozeeka kwa wingi zaidi na huziondoa polepole zaidi, na hilo ni moja ya maelezo ya kwa nini saratani huongezeka na umri, ingawa kulimbikizana kwa kasoro za jeni bado ndiyo sababu ya msingi.

Seli zilizozeeka nazo hujificha. Baadhi huongeza molekyuli ya HLA-E, ambayo huzizuia NK na seli T aina ya CD8, kama ilivyoripotiwa mwaka 2019. Nyingine huvaa PD-L1, molekyuli ileile inayotumiwa na uvimbe kuzinyamazisha seli T. Utafiti wa Tasuku Honjo kuhusu PD-1, kipokezi cha molekyuli hiyo, ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2018 pamoja na James Allison.

Lakini mfano unaofundisha zaidi ni ule wa Zender wa mwaka 2016. Seli za ini zilizozeeka hutoa kemokini ya CCL2, ambayo huita seli changa za uboho zenye kipokezi cha CCR2. Katika ini lisilo na saratani, seli hizo changa hukomaa, huwa makrofaji, na huziondoa seli zilizozeeka. Katika ini ambalo tayari lina uvimbe, seli za saratani huzuia ukomaavu huo. Wageni walioitwa hubaki wachanga, na badala ya kusafisha, huzizuia NK, na uvimbe hupata nafasi ya kukua. Ishara ni ileile, na walioiitikia ni walewale. Hatua ya ugonjwa ndiyo iliyoamua kama wamekuja kuponya au kudhuru. Kwa daktari wa saratani hii ni hoja nzito kuliko orodha ndefu ya saitokini, kwa sababu inaonesha kwamba dawa ya kuzuia CCR2 inaweza kumfaa mgonjwa mmoja na kumdhuru mwenzake.

Hatari ya mwisho ni kutoroka. Uzee wa seli za saratani si mara zote kifungo cha milele. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walionesha katika limfoma za panya kwamba seli zilizozeeka kwa dawa, kisha zikafanikiwa kurudi kwenye mgawanyiko, zilikuwa na tabia za seli shina na ukali uliozidi wa zile ambazo hazikuwahi kuzeeka.

Matibabu kwa hatua mbili

Tibakemikali na mionzi haviui kila seli ya uvimbe. Sehemu ya seli huzeeka tu, na seli za kawaida zilizo jirani huzeeka pia. Mwaka 2017 ilioneshwa kuwa panya waliopewa doksorubisini, dawa ya tibakemikali, walipata uchovu na madhara ya moyo yaliyopungua seli zilizozeeka zilipoondolewa, na kurudi kwa saratani kulipungua vilevile. Palbociclib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa saratani ya matiti, huzuia vimeng'enya vya CDK4 na CDK6, palepale p16 inapofanya kazi. Inaweza kuielekeza seli kwenye uzee bila kuvunja DNA yake. Kwa panya wenye saratani ya mapafu inayotokana na KRAS, jeni ya jamii ya Ras, dawa hiyo ikiunganishwa na nyingine iitwayo trametinib ilizeesha seli za uvimbe, kisha NK zikaziondoa. NK zilipokosekana, faida kubwa ya dawa ilipotea.

Hapo ndipo lilipotoka wazo la kutibu kwa hatua mbili: kwanza kuzizeesha seli za saratani, kisha kuziondoa. Hatua ya pili inaweza kuachiwa kinga, ikisaidiwa na dawa zinazozuia PD-1. Inaweza pia kufanywa na dawa za kuondoa seli zilizozeeka. Ya kwanza kuelezwa, mwaka 2015, ilikuwa muunganiko wa dasatinib, dawa ya saratani ya damu, na kwesetini, kemikali iliyomo kwenye vitunguu na matofaa. Navitoclax, dawa nyingine ya kundi hili, hupunguza chembe sahani za damu, na hilo limeifungia milango mingi. Mwaka 2019 kundi la Rene Bernards nchini Uholanzi lilionesha kwamba kuzuia kimeng'enya cha CDC7 huzeesha seli za saratani ya ini zenye p53 yenye kasoro, na kwamba seli hizo zikishazeeka huuawa na sertraline, dawa ya kawaida ya sonona. Kwa maini yaliyoguswa na sumukuvu, njia inayofanya kazi bila kutegemea p53 nzima ina umuhimu wa pekee. Mwaka 2020 watafiti wa Memorial Sloan Kettering, New York, walitengeneza seli T zinazowinda protini ya uPAR iliyo juu ya seli zilizozeeka. Zilirefusha maisha ya panya wenye saratani ya mapafu na kupunguza makovu ya ini.

Tahadhari ni ya lazima. Utafiti wa mwaka 2020 uliondoa seli zote zenye p16 nyingi kwa panya, na matokeo yakawa makovu na afya mbaya, kwa kuwa baadhi ya seli hizo zilikuwa zinaifunika mishipa midogo ya ini kwa ndani na hazikuwa na mbadala. Majaribio kwa binadamu yanapaswa kupima mambo mawili kwa pamoja: ni seli ngapi zimezeeka, na ni ngapi zimeondolewa. Sampuli ya tishu iliyochukuliwa kabla ya dawa tu haiwezi kulijibu swali la pili.

Hadi sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa rasmi kwa kazi ya kuondoa seli zilizozeeka. Dasatinib inatolewa kwa saratani ya damu, na sertraline kwa sonona. Kwa saratani ya ini Afrika Mashariki, vilivyopo mkononi leo ni chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa watoto, na mahindi na karanga vilivyokaushwa barabara kabla ya kuwekwa ghalani.